Video tatu za usiku mmoja: uchambuzi wa kisa cha stroki, Free Area Nakuru

Mimi ni fizio. Mgonjwa wa stroki, yaani kiharusi, hunifikia wakati wengine wote wameshamalizana naye, daktari ameandika zake, skani imesomwa, bili imelia, sasa imebaki mkono haukunji ngumi na mguu unaburuta, na hapo ndio familia huanza kuongea, juu wiki baada ya wiki tuko pamoja sebuleni tukinyoosha vidole na hakuna kazi nyingine ya mdomo ila stori. Kisa hiki nimekipata hivyo, kipande kwa mama, kipande kwa kijana wao, kingine kwa mzee mwenyewe maneno yaliporudi. Wamekubali niandike, na nimegeuza vitu vidogo vidogo ili wasijulikane.

Kilichonifanya nikae niandike ni simu ya kijana. Hakuwa amefuta historia. Kila video waliyofungua usiku ule bado iko na saa yake iko, basi nikamwomba tuzitazame zote kwa mpangilio ule ule walioziona wao, kwa simu ile ile yenye kioo kimepasuka kona. Na ukiskia stori ya namna hii unadhani watu walidanganywa na intaneti tangu mwanzo mpaka mwisho. Hapana. Video ya kwanza ilikuwa sahihi. Ya pili ilikuwa sahihi kuliko ya kwanza. Ya tatu peke yake ndio ilikuwa takataka, na hiyo ya tatu ndio waliifuata neno kwa neno.

Sasa mgonjwa. Mzee wa miaka 58, makanika kule Industrial Area, mtu wa mikono mikubwa. Presha alijua anayo, alipewa tembe akameza mpaka zikaisha, akaona kichwa hakimuumi tena akasema amepona. Hapo hana tofauti na wengi, ule utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2015 ulionyesha karibu robo ya watu wazima Kenya wako na presha ya juu na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata siku moja. Huyu angalau alikuwa amepimwa.

Jumamosi, saa mbili na dakika arobaini usiku. Saa wanaijua juu mechi ilikuwa bado haijafika hafutaimu. Mzee akasimama aende choo, akashika kiti, wakaenda chini yeye na kiti. Akasema nyumba inazunguka. Wakamkalisha, na akasema kitu kingine ambacho hakuna mtu alikitilia maanani, "Mbona TV ziko mbili?" Halafu akatapika. Mama watoto akamnusa mdomo kwanza, na mimi simlaumu, ni Jumamosi usiku na mume ameanguka akiona vitu viwili viwili, ungefikiria nini. Lakini hakuwa ameonja kitu.

Kijana ndio akawaza stroki, na hapo nampa heko. Akaandika dalili za stroke kwenye YouTube na akafungua ya kwanza iliyokuja, katuni ya dakika mbili ya hospitali moja ya Marekani, Kingereza, watu milioni na kitu wameitazama. Ni ile FAST inayofundishwa kila mahali: uso, mikono, maneno, muda. Ilitungwa Uingereza 1998 iwasaidie watu wa ambulansi kutambua kiharusi haraka, na ni kitu kizuri, hata mimi naifundisha. Basi wakampima mzee pale pale kwenye kochi.

"Mzee, hebu cheka kidogo."

"Nicheke nini na nyumba inazunguka?"

Baadaye akaonyesha meno, kwa hasira, na meno yakatoka sawasawa pande zote. Mikono akainua yote miwili, ikakaa juu, hakuna uliozama. Ikafika maneno. Ile video ilitaka mgonjwa arudie sentensi moja ya Kingereza kuhusu mbwa mzee asiyeweza kufundishwa mbinu mpya, watu wa ambulansi Marekani hutumia hiyo sentensi kweli, na mzee wetu Kingereza chake ni cha spea, gasketi na bearingi, akasema hayo maneno yenu ya mbwa siyawezi, nipeni maji. Wote wakacheka. Na kwa vile alisema hivyo kwa sauti safi wakaona amepita. Kijana akaandika kwa gurupu la familia "si stroke, ni presha tu, amelala sasa". Huo ujumbe uko mpaka leo, nimeuona.

Na kulingana na ile video, kijana alikuwa sawa. Alifuata kila kitu. Shida ni kwamba FAST inakamata zaidi stroki za mishipa ya mbele ya ubongo, ile inayolisha sehemu za kuendesha uso, mkono na maneno. Kuna mishipa mingine inapandia nyuma ya shingo, inalisha ubongo mdogo wa nyuma na shina la ubongo, na huko ndiko kunakaa balansi, mwendo wa macho yote mawili pamoja, na kumeza. Ikiziba hiyo mtu anaweza kuanza na kizunguzungu kikali cha ghafla, kutapika, kuona vitu viwili, kushindwa kusimama, na uso wake uko sawa kabisa. Mzee alikuwa anawaambia dalili kwa mdomo wake, TV ziko mbili, na video haikuwa na mahali pa kuiweka hiyo sentensi.

Hii si siri ya madaktari. 2017 kuna watafiti wa Kentucky walirudia mafaili ya wagonjwa waliothibitishwa kuwa na kiharusi cha kuziba, wakakuta FAST ingewakosa karibu asilimia 14, na ukiongeza balansi na macho wanaokosekana wanashuka mpaka karibu 4. Ndio unaskia sikuhizi watu wanasema BE-FAST, B ya balansi na E ya eyes, yaani macho. Lakini video za zamani zinabaki pale pale juu na maviu yake, hakuna anayeenda kuzirekebisha, na algoridhimu inazidi kuzisukuma juu zishapata watu.

Naelewa kwa nini wengine hawataki kuongeza balansi. Kizunguzungu ni cha kila mtu, njaa, malaria, sikio, joto, ukiambia watu kila kizunguzungu ni stroki utajaza kajualti, ile idara ya dharura, na watu wasio na stroki. Sawa. Lakini kuna kipimo kidogo mtu yeyote anaweza kufanya sebuleni: mkalishe mtu kwenye ukingo wa kitanda bila kuegemea na bila kushika kitu. Kama hawezi kukaa wima, anaangukia upande mmoja kama gunia lisilofungwa, hicho si kizunguzungu cha njaa. Kama anakaa, mwambie aguse pua yake halafu kidole chako, pua, kidole, pua, kidole, uone kama mkono unapiga nje. Mzee wangeona hapo hapo, juu mama aliniambia usiku ule walimshikilia watu wawili akienda choo.

Hata kama video haitaki kuongeza herufi, ingeweza kuongeza sentensi moja, kwamba kupita hiki kipimo hakumaanishi uko salama, kama kuna kitu kimeanza ghafla na kinatisha nenda tu. Sekunde tano. Haikuwepo. Ilimalizia na namba ya kupiga, 911 ya Marekani, bila kutaja 999 ama 112 za hapa, na hata hizo familia haikujua.

Video ya pili niipite haraka ingawa inaniuma. Ni ya Kiswahili kizuri kabisa, mama mmoja anaonekana ni mwalimu wa manesi, anajua anachosema. Dakika kumi na nane. Anaanza na salamu, anashukuru waliosabskraibu, anaeleza kiharusi ni nini, aina zake mbili za kuziba na kupasuka, halafu visababishi, chumvi, sigara, sukari, uzito. Dalili anazifikia dakika ya kumi na moja, na kwenye dalili ametaja balansi, ametaja kuona vitu viwili, ametaja vyote. Historia inaonyesha kijana aliiacha dakika ya tatu. Bando ilikuwa inaisha na baba anatapika kwa beseni. Hakuna mtu mwenye mgonjwa atasubiri mpaka dakika ya kumi na moja, hiyo ni video ya mtu ambaye nyumbani kwake hakuna anayeumwa.

Wakalala. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mama akaamka akamkuta maneno yamekuwa mazito kama mtu mwenye chakula mdomoni, mkono wa kulia hauinuki, mdomo umeenda upande. Sasa hata ile katuni ingetosha. Na hapa ndio ile video ya tatu inaingia, maana mama alipoandika kwa gurupu kwamba baba ameamka mdomo umepinda, shangazi mmoja wa Kitale akajibu kabla ya mtu mwingine yeyote, na jibu lake lilikuwa klipu ya WhatsApp yenye ile mishale miwili ya kuonyesha imeforwadiwa mara nyingi. Kama dakika moja hivi. Mkono wa mtu, sindano, muziki wa huzuni, sauti ya mashine ikisoma.

Wengi mmekutana nayo hiyo. Ilianza kama barua pepe miaka ya mwanzo ya 2000, wanasema ni ujuzi wa profesa mmoja wa China, na tangu hapo imebadilisha nguo tu. Inasema hivi: chukua sindano, ipitishe kwa moto, mtoboe mgonjwa ncha za vidole vyote kumi mpaka damu itoke, kama mdomo umepinda vuta masikio mpaka yawe mekundu halafu toboa ndewe za masikio mara mbili mbili. Halafu inasema kitu ambacho kwangu ndio sumu yenyewe, kwamba usimsogeze mgonjwa mpaka arudi sawa, ukimweka kwa gari mtikiso utapasua mishipa ya kichwa.

Mama aliniambia alishika sindano ya kushonea, akaichoma kwa mshumaa mpaka ikawa nyeusi, na kile kidole gumba cha makanika kina ngozi ngumu kama soli, ilibidi asukume sindano na kijiko. Akatoboa vyote kumi. Kidole cha mkono wa kulia mzee hakukitoa wala hakulalamika, hakuskia vizuri, na mama akaona hiyo ni dalili nzuri, ametulia. Masikio akavuta yeye na binti, mmoja huku mwingine huku. Halafu wakasubiri mdomo urudi. Mpaka karibu saa mbili.

Tupige hesabu ya damu kidogo. Tone moja ni kama nusu ya sehemu ya kumi ya mililita, vidole kumi ni kama nusu mililita, tuseme mama alikamua sana ikafika mililita mbili. Mtu mzima ako na damu kama lita tano. Hakuna presha inashuka kwa mililita mbili, na donge la damu limekaa ndani ya mshipa wa ubongo halijui chochote kuhusu kidole. Ikifanya kitu ni uchungu, na uchungu hupandisha presha. Lakini hiyo bado ni hasara ndogo, vidole vilipona kwa siku chache. Hasara kubwa ni ile saa moja na nusu ya kusubiri, na waliisubiri kwa nidhamu, kwa upendo, wakiamini kumgusa ni kumuua.

Sasa mbona watu wanaiamini? Nilisoma zile koment za moja ya hizi klipu ilivyopandishwa TikTok, na ukizisoma unakuta watu wanaapa. Mama yangu alipona palepale. Jirani alitobolewa mdomo ukarudi nusu saa. Sidhani wote ni waongo. Kuna kitu madaktari huita TIA, kistroki kidogo cha kupita, donge linaziba halafu linaachia lenyewe, mkono unarudi, maneno yanarudi, mara nyingi ndani ya dakika kadhaa mpaka saa moja. Ukimtoboa huyo mtu vidole atapona. Ukimpigia makofi atapona. Ukimpikia ugali atapona. Anayepona na sindano mkononi atasema ni sindano, ni kawaida ya binadamu. Kisha anaenda kuandika koment, na yule ambaye alitobolewa akafa, familia yake haiandiki koment, wako kwa mipango ya mazishi.

Ubaya wa hiyo kupona ni kwamba TIA ni onyo. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulifuata watu waliokuja hospitali na TIA, karibu mmoja kati ya kumi alipata stroki kamili ndani ya siku 90, na nusu ya hao ilikuwa ndani ya siku mbili za kwanza. Kwa hivyo mtu wa koment ya "alipona palepale" ndio hasa alifaa kuwa hospitali siku hiyo hiyo apimwe, aanzishiwe dawa, na badala yake amekaa nyumbani na plasta kwa vidole.

Kuna kundi lingine linaongeza sifa za sindano, wale wa mdomo kupinda kwa sababu ya neva ya uso yenyewe, si ubongo. Hiyo ukitazama paji la uso utaona tofauti, mwambie mtu ainue nyusi: wa neva paji lake upande mmoja linabaki laini halikunjiki na jicho halifungi vizuri, wa stroki kwa kawaida bado anakunja paji pande zote mbili na mdomo ndio umeshuka. Wengi wa neva hupona polepole wiki au miezi, sindano au bila sindano. Mimi naeleza tu ndio mjue koment zinatoka wapi, msiende mkaanza kujihukumia nyumbani kwa kuangalia nyusi, mdomo ukipinda ghafla unaenda hospitali na huko ndiko watatazama nyusi.

Aliyewatoa kwa hiyo nyumba ni jirani wa ploti, mzee mstaafu, hakuwa ametazama video yoyote. Alikuja kuuliza mbona gari la mzee halijawashwa, akaona, akasema kwa nini mnakaa. Akatoa gari lake, Probox. Kabla hajafika mama alikuwa amempa mzee chai ya tangawizi, akakohoa mpaka akawa mwekundu. Jirani wa pili alikuwa ametoa tembe zake mwenyewe za presha aziweke chini ya ulimi, zikarushwa nje, bahati. Na kijana alikuwa anatafuta mpesa juu hakuna aliyekuwa na hakika kama SHA, ile bima ya afya ya serikali, imelipwa. Wakapitia zahanati moja wakaambiwa hapa hatuna skani nendeni mbele, wakaenda mbele, na saa nne na dakika ishirini asubuhi ndio mzee alilala kwa kitanda cha kajualti.

Walimpima sukari kwanza, ni sawa, juu sukari ikishuka sana inaweza kuiga stroki neno kwa neno. Skani ikaonyesha hakuna damu imemwagika, ni ya kuziba. Daktari akauliza swali moja ambalo lilimfanya kijana akae chini: mara ya mwisho alikuwa sawa kabisa ni saa ngapi? Si ameamka hivi saa ngapi. Mara ya mwisho alikuwa sawa. Jibu lilikuwa jana, kabla ya hafutaimu.

Ile dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hupewa mgonjwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, mwanzo ilikuwa saa tatu kutokana na utafiti wa 1995, ukaongezwa na utafiti mwingine wa 2008. Piga hesabu kuanzia saa mbili na dakika arobaini usiku. Mlango ulifungwa saa saba na dakika kumi usiku, mzee akiwa amelala na ujumbe wa "si stroke" uko kwa gurupu umepewa mikono ya amina na watu kumi na moja.

Niwe mkweli hapa kwa sababu wengine huandika kama vile kufika mapema Nakuru ni sawa na kufika mapema London. Hiyo dawa haiko kila hospitali, na ikiwepo bei yake inaumiza, na usiku wa Jumamosi lazima skani ifanye kazi na wa kuisoma apatikane. Inawezekana mzee angefika saa tatu usiku na asiipate. Lakini angekuwa kitandani na mtu anayempima kumeza kabla hajapewa kitu mdomoni. Angeanza aspirini baada ya skani kuthibitisha si damu. Presha yake ingeangaliwa na mtu anayejua kwamba kwenye stroki ya kuziba haishushwi ovyo kwa ghafla. Na ile hali ya asubuhi, mkono na maneno, huenda ingeonekana ikianza tu. Badala yake alikaa wadi muda mrefu na kifua kibaya, na madaktari walishuku ile chai na mate yaliingia njia isiyo yake.

Sasa kuhusu ubora wa hizi video, kuna watu kazi yao ni kuzipa maksi. Wanatumia vitu kama DISCERN, maswali kumi na sita yaliyotungwa Uingereza miaka ya 90 kwa ajili ya vijitabu vya wagonjwa, kila swali maksi moja mpaka tano. Ama vile vigezo vinne vya jarida la JAMA vya 1997: mwandishi ni nani, ametoa wapi habari, nani amelipia, imeandikwa lini. Nikazijaribu kwa hizi tatu. Katuni ya Marekani inapita vizuri, jina la hospitali liko, tarehe iko. Mwalimu wa manesi anapita, ameweka jina na cheo. Sindano inaanguka yote, haina jina, haina tarehe, profesa hana hata chuo.

Kwa hivyo kwa hesabu ya hivyo vigezo familia hii iliona video mbili nzuri na moja mbaya, wastani si haba, na baba yao mkono wa kulia haushiki spana. Hivyo vigezo vinauliza kama habari ni ya kuaminika. Havimuulizi kijana aliyesimama na beseni afanye nini na mikono yake dakika inayofuata. Kuna kipimo kingine, PEMAT cha Marekani, hicho kina sehemu ya kuuliza kama mtu anaweza kutenda akishaona, na hapo ndio mambo yanageuka, maana klipu ya sindano ingepata maksi za juu za kutisha. Inakwambia chukua nini, kutoka wapi, fanya mara ngapi, anza na kidole gani, subiri nini. Video nzuri zote mbili zinamalizia na "piga simu" ama "wahi hospitali", zinanyamaza. Hospitali gani? Na gari gani? Amelaleje huko ndani? Nibebe nini? Mtu mwenye hofu anatafuta kazi ya kufanya, na aliyempa kazi ni mwongo peke yake.

Hiyo ndio maoni yangu na nitaikazania hata kama wenzangu wa afya wataona nawatetea wa sindano. Uongo haukushinda kwa kuwa ni mtamu. Ulishinda kwa kuwa ulikuwa na hatua.

Mzee maneno yaliporudi kiasi, kijana akasema tutengeneze yetu, kwa simu, uani. Mzee ndio mwigizaji. Tulibishana sana kuhusu ianze na nini, mama akasema isianze na salamu hata kidogo, ianze na mtu akianguka. Inaanza hivyo. Kimeanza ghafla? Uso, mikono, maneno, halafu kukaa kitandani bila kushika, halafu unaona vitu viwili. Moja tu ikikataa, mnatoka, na hata zikipita zote na bado humwelewi, mnatoka. Sentensi ya kupima maneno tumetupa yule mbwa, mgonjwa anasema "haraka haraka haina baraka", kila mtu wa hapa anaijua tangu darasa la kwanza na ina herufi za kutosha kukwaza ulimi mzito. Mzee aliisema ikamshinda katikati akacheka, tukaiacha hivyo hivyo kwa video, juu inaonyesha kukwama kunasikika vipi.

Halafu hatua. Andika saa aliyokuwa sawa mara ya mwisho kwa biro nyuma ya mkono wake, karatasi itapotea kwa gari. Mlaze ubavu kama anatapika. Usimpe chai, maji, aspirini wala tembe za jirani, aspirini ukimpa wa kumwaga damu umemwongezea. Beba tembe zake mwenyewe hata kama ni pakiti tupu. Asipakiwe kwa nduthi, yaani pikipiki, katikati ya watu wawili, upande mmoja hauna nguvu ataanguka. Namba ya mwenye Probox iko kwa skrini, kwa ruhusa yake, kwa gurupu la ploti pekee. Na mwisho majina ya mahali penye skani mjini, usipitie pasipo na skani kama gari linaweza kufika moja kwa moja.

Imetazamwa na watu wachache sana ukilinganisha, sina haja ya kudanganya. Ile ya sindano ilirudi kwa gurupu la kanisa mwezi uliofuata na mishale yake miwili. Mama akajibu kwa voisi noti, sauti imetulia, kwamba yeye ametoboa vidole vyote kumi vya bwanake na masikio pia na akasubiri kama walivyosema, na anayetaka kuona matokeo aje nyumbani saa ya fizio. Watu wawili walifuta zao. Shangazi wa Kitale hajajibu, lakini aliomba atumiwe ile ya mzee.

Kazi iliyobaki ni ile orodha ya skani. Mashine hukwama, siku nyingine iko sawa siku nyingine wanasema njooni Jumatatu, na video haijui hilo. Kwa sasa kijana hupiga simu kuuliza na kuweka ujumbe mpya chini ya video kila akiskia kuna mahali pamebadilika.